Godoro Halisubiri Salamu

Kaka yangu Mwinshehe ana ugonjwa wa kujua. Mwambie leo kuna joto, atakueleza joto linatoka wapi, linapita wapi na kwa nini Dar es Salaam ni kali zaidi, na kabla hajamaliza utakuwa umejuta kufungua mdomo. Miaka yake yote ya Dar aliimalizia kwenye kiwanda cha magodoro, na kazi yake, mimi najua kwa sababu wifi yangu aliniambia, ilikuwa kukata vipande kwa msumeno na kuvivika vitambaa. Lakini alipopunguzwa kazi na kurudi kwetu Kasingirima, Ujiji, alishuka stesheni ya Kigoma na mapipa ya dawa, akatangaza kwamba yeye ni fundi wa kuumua magodoro.

Mimi sikuwa na haja ya fundi. Nilikuwa na haja ya godoro.

Mama yetu, Bi Asia, alikuwa kitandani tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto. Alilalia godoro la sufi lenye umri wa kunizidi mimi, limeshikana mabonge mabonge kama ugali uliopikwa na mtu mwenye hasira. Chini ya kiuno kilimtoka kidonda. Muuguzi wa zahanati, dada Verediana, alikisafisha, akakifunga, kisha akanivuta pembeni.

"Kikifika kwenye mfupa hatutakuwa na la kufanya," aliniambia. "Mgeuzeni kila mara, na mtafutieni kitu laini cha kulalia."

Kitu laini. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, watu wanavuka ziwa kutoka Kongo kila uchao, na wengine wa Burundi walishajaa makambini kabla yao. Treni ilileta maturubai, ndoo, unga na magodoro, lakini godoro likishuka stesheni lilikuwa tayari lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na gari jeupe la shirika la wakimbizi. Madukani, Kigoma mpaka Ujiji, ukiulizia godoro la sponji mwenye duka anacheka. Siwalaumu wakimbizi. Mtu aliyevuka maji yale na mtoto mgongoni ana haki ya kulala. Lakini na mimi nilikuwa na mama, na mama alikuwa anaoza nikimtazama.

Aliyenisaidia ni jirani yetu Melania. Huyu ni Muha wa Kasulu, ameolewa hapa mtaani, mwanamke wa mikono minene anayeuza mihogo na kukaa kimya. Asubuhi na jioni alikuja tukamgeuza mama pamoja. Mimi peke yangu sikuweza, mama ni mtu wa mwili, na Mwinshehe ni mtoto wa kiume, hawezi kumfunua mama yake. Kwa hiyo ilikuwa mimi na Melania, yeye mabegani, mimi miguuni, na mama katikati akitulaumu wote wawili.

Na mama alimpenda. Alimpenda kwa sababu ya salamu.

Muha wa kwao hasemi "habari" akapita. Melania akifika alisimama mlangoni mwa chumba, akainama kidogo, akapiga makofi ya taratibu kwa viganja viwili, "Mwakeye," na wewe unapiga makofi unaitikia, "Mwakeye." Hapo ndipo kwanza mmeanza. Anauliza mmeamkaje, makofi. Watoto, makofi. Wagonjwa, mihogo, mvua, makofi. Mikono yako lazima iwe mitupu, kwa sababu kumwitikia huku umeshika kitu ni kumwambia amekukatiza. Sisi watu wa Ujiji, babu zetu walikuja kwa biashara kutoka Manyema, lakini tumezaliwa katikati ya Waha na hayo yote tumeyashika. Mama hakuwa tena na mkono wa pili wa kupigia makofi. Alipiga ubao wa kitanda kwa kiganja cha kulia, pa, pa, pa, na uso wake ukafunguka.

"Wanangu wananisalimia wakiwa wameshageuka," alipenda kusema. "Melania ananisalimia kama mtu."

Basi Mwinshehe akajenga banda uani, akapigilia sanduku la mbao la ukubwa wa godoro, akatandika nailoni ndani yake. Asubuhi ya kwanza aliniita nishike ndoo. Mama aliomba dirisha lake lifunguliwe naye aone. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeleka harufu upande wa barabara, nikafungua.

"Unajua kinachoumua godoro ni nini?" Mwinshehe akaniuliza, akiwa amefunga pua kwa kitambaa.

"Hamira."

"Maji." Alifurahi mno kwamba nimekosea. "Maji haya haya ya kunywa. Yakikutana na dawa kali yanatoa hewa, ileile iliyomo kwenye soda. Hewa inatafuta pa kutokea, na huku mafuta haya mazito yanaganda, basi inanaswa humo humo, vijumba kwa vijumba. Ukilala kwenye sponji, Shadia, umelalia hewa iliyofungwa."

"Na kandambili?" nikauliza. Kosa langu.

"Kandambili ni mambo mengine. Kule wanatia unga wa njano ndani ya raba. Ukiwa baridi haufanyi lolote, umekaa tu. Ukiupika unatoa hewa, raba inavimba. Maboya ya nyavu za watu wa Ilagala, unga. Soli za raba za mpira, unga. Wengine wanatumia hata magadi ya kuokea, haya haya unayotia kwenye keki. Kila kitu unachokibonyeza kikarudi, jua kuna kitu kimekiumua."

Nilizitazama kandambili zangu. Lazima niseme kweli, lilinipendeza jambo lile. Nimeumua unga maisha yangu yote, mkate wa kumimina wa Shadia unajulikana mpaka Gungu, na sikuwahi kufikiri kwamba natembea juu ya mkate.

"Sharti ni moja," akaendelea kaka. "Dawa kali inaingia mwisho, na ikishaingia hakuna kusimama. Unakoroga mpaka uone rangi imekuwa ya maziwa, unamimina. Ukisita, upande mmoja unaganda, upande mwingine hewa inakimbia. Hakuna subiri kidogo, hakuna ngoja nijikune."

Hayo aliyasema kwa mdomo wake mwenyewe, nami nilikuwa pale nimeshika ndoo.

Akatia mafuta mazito, akatia maji, akatia vidawa vyake vya chupa, kisha dawa kali. Akashika mwiko mkubwa wa ubao kwa mikono miwili, akaanza kukoroga kama anayefukuza nyoka. Rangi ilianza kugeuka. Na hapo hapo Melania akaingia kwa mlango wa uani, akainama, akapiga makofi.

"Mwakeye."

Kaka yangu akaweka mwiko chini.

Niliona. Aliuegemeza kwenye pipa, akajifuta viganja kwenye suruali, akapiga makofi, "Mwakeye," akaulizwa ameamkaje, akapiga makofi, akaulizwa mama ameamkaje, akapiga makofi. Alilelewa vizuri, siwezi kukataa. Nilipomkanyaga mguu ndipo alipokumbuka. Akarukia mwiko, akakoroga kidogo, tukamimina.

Mwanzoni lilipanda. Lilipanda jeupe, laini, likafika nusu ya sanduku, likapita nusu, na Melania akasogea kuangalia akiwa na mikono mashavuni.

"Jamani, zuri hilo," alisema. "Laiti ningepata hata kipande kwa wale watoto wangu wa mkekani."

Watoto hao walikuwa wa mama mmoja mkimbizi kutoka ng'ambo, ambaye Melania alikuwa amempa sebule yake. Walilala chini kwenye mkeka, mama yao katikati.

Na wakati Melania anasema hayo, godoro likatoa pumzi, fyuu, likanywea. Upande mmoja ukabaki mgumu kama kisigino, upande mwingine ukawa matundu matupu. Tulilitazama wote watatu. Mama naye, dirishani, alilitazama.

Melania alisema pole, akamgeuza mama pamoja nami kama kawaida, akaenda zake. Alipotoka tu, mama akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Fungeni dirisha."

"Kwa nini, mama?"

"Lilikuwa linapanda. Amelisifia, hakusema Mashaallah, likaanguka. Ana wageni hawana pa kulala. Jicho la mwenye shida ni kali, hata kama mwenyewe hataki."

"Mama, kaka aliweka mwiko chini."

Mama akamtazama Mwinshehe, aliyesimama nje ya dirisha. Mimi pia nikamtazama. Palikuwa na nafasi pale, kubwa ya kutosha, ya mtu mzima kusema ndiyo, niliweka mwiko chini.

"Sijui, mama," akasema kaka yangu. "Kiwandani halijawahi kunitokea."

Kiwandani hakuwahi kukoroga hata chai. Nilitoka nje kabla sijasema maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake mbele ya mama yao.

Kesho yake Melania alikuja. Alisimama mlangoni, akainama, akapiga makofi. "Mwakeye." Mama akageuzia uso ukutani. Melania alidhani hajasikia, akapiga makofi tena, peke yake, polepole. Ubao wa kitanda haukulia. Mimi nilikuwa nimeshika shuka, nikatamani ardhi inimeze, na nilipoitikia mimi kwa niaba ya mama, sauti ilitoka kama ya mtu anayedanganya. Nayo ilikuwa hivyo.

Nilimkimbilia uani. "Melania, mama anaumwa leo, usimjali."

"Nimesalimu mara mbili, Mama Ummy," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Kwetu mtu akikunyima chakula unaelewa, labda hana. Lakini salamu kila mtu anayo."

Hakuja jioni. Nikakata kata lile godoro lililonywea, nikajaza vipande kwenye gunia, nikashona mdomo, nikalipeleka kwake kwa ajili ya watoto. Lilirudi siku ileile, limewekwa kwenye mlango wetu wa uani pamoja na ujumbe: kama jicho lake ndilo lililoliharibu, yeye analipeleka wapi. Nani alimwambia habari za jicho? Mwinshehe, nani mwingine. Alikwenda kwenye kijiwe cha kahawa akawaeleza wanaume wenzake jinsi godoro lake lilivyopatwa, kwa sababu fundi aliyepatwa na jicho anahurumiwa, na fundi aliyeweka mwiko chini anachekwa.

Nikabaki peke yangu na mama. Nilifunga shuka kwenye nguzo ya kitanda nikawa namvuta kama mtu anayeopoa mtumbwi, yeye analia, mimi nalia, na bado hageuki ila nusu. Dada Verediana alipokifungua kidonda alinyamaza. Huyu ni mwanamke wa maneno mengi, na ukimya wake ulinitisha kuliko lolote ambalo angesema.

"Lile godoro vipi?" akauliza.

"Linakuja," nikasema.

Linakuja. Mara ya pili mama ndiye aliyetoa amri kutoka kitandani. Banda lifungwe kwa maturubai pande zote, mtu asichungulie. Godoro likishamiminwa lifunikwe gunia bichi, kama unga unavyofunikwa.

"Mama," nikasema, "unga unafunikwa usikauke. Haufunikwi kwa ajili ya macho."

"Bibi yako alifunika kwa ajili ya macho, na mkate wake ulikuwa mzuri kuliko wako."

Na Mwinshehe, badala ya kubishana, akaongeza la kwake. Kama maji ndiyo yanayoumua, alisema, basi tukiongeza maji litaumuka zaidi, tupate godoro nene la mgonjwa. Nikamuuliza kama kiwandani walikuwa wanaongeza. Akasema kiwandani walikuwa wabahili.

Lilipanda kweli. Lilipanda mpaka likainua gunia, likamwagika kando ya sanduku, kaka akaruka ruka humo ndani ya maturubai akikohoa, macho mekundu, akisema umeona, umeona. Tuliliacha limefunikwa. Asubuhi nilitoka kuwasha jiko la mkate nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, na jiko lilikuwa bado halijawashwa. Moshi ulikuwa unatoka chini ya gunia. Tulilimwagia maji, tukalipasua, na katikati lilikuwa jeusi kama kiini cha mkate uliosahauliwa. Maji mengi yameleta joto jingi, na joto limekosa pa kutokea kwa sababu tumelifunika lisionwe. Tulinusurika kuchoma nyumba, mama akiwa ndani hawezi hata kuketi.

"Sasa hilo nalo ni jicho la nani?" nikamuuliza kaka yangu. "Maana Melania hakuwapo. Tulikuwa mimi na wewe. Labda langu."

Alikaa juu ya pipa tupu. Dawa iliyobaki ilitosha godoro moja tu, na nyingine haikuwepo karibu kuliko Dar es Salaam.

"Mara hii tutafanya kwa kipimo," alisema mwishowe. "Hewa wazi, bila kufunika. Na sitaacha mwiko."

"Utaacha mwiko Melania akija?"

"Si haji."

"Atakuja, kwa sababu nakwenda kumwita. Hata godoro likitoka zuri kama la hospitali, nani atamgeuza mama juu yake? Wewe?"

Akaokota mwiko wake, akaanza kuukwangua.

Nilimkuta Melania akimenya mihogo, na yule mama wa Kongo akimsaidia, watoto wamelala kwenye mkeka mchana ule wa joto. Tulisalimiana kwa makofi, mikono yake ikiwa na unga wa mihogo. Nikamwambia yote. Mwiko, moshi, kidonda. Nilimwambia dada Verediana ameacha kuongea.

Alichukua mhogo mwingine, akaanza kuumenya.

"Nitakuja kesho nimgeuze," alisema. "Si kwa sababu yako. Nimeugeuza mwili ule tangu alipoanguka, ninajua wapi panauma. Lakini nikifika nitasalimu. Nisipojibiwa sitavuka mlango, Mama Ummy. Hapo utanisamehe."

"Atakujibu," nikasema, wakati nilikuwa sijui.

Jioni ile nilimwambia mama kwamba Melania atakuja. Alifumba macho. Nilimwambia kwamba kaka ndiye aliyeweka mwiko chini, nikamwambia tena na tena, mpaka akasema amechoka, nimwache alale. Na Mwinshehe nilimwagiza kwa maneno ya Kiswahili yanayoeleweka na kila mtu: usianze mpaka Melania awe ameshakuja, ameshasalimu, ameshaondoka.

Nadhani mmeshaelewa kaka yangu ni mtu wa aina gani. Kulipokucha, mawingu yalikuwa yamesimama juu ya ziwa, na yeye akaona mvua itamwahi. Nilitoka chumbani kwa mama nikamkuta tayari ameshatia mafuta mazito na maji.

"Nimekwambiaje?"

"Mvua, Shadia. Mvua ikiingia ndani ya sanduku tumekwisha. Shika dawa kali, mimina nikikwambia."

Ningeweza kugombana naye. Nilikuwa na maneno ya kutosha mwaka mzima. Lakini mafuta yalikuwa yameshapimwa, na yale ndiyo ya mwisho, nikashika dawa. Akasema mimina. Nikamimina. Akaanza kukoroga.

Na mlango wa uani ukafunguka, Melania akaingia. Hakuja bandani. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya dirisha la mama, lililokuwa wazi, akasimama hapo kwa sababu alikuwa ameapa hatavuka mlango wa chumba bila kujibiwa. Akainama. Akapiga makofi.

"Mwakeye."

Nikamtazama Mwinshehe. Mikono yake ilikuwa kwenye mwiko, na niliona mishipa ya shingo imemsimama. Alikuwa anaumia kweli, mtu mzima, machozi yanamtoka kwa dawa na kwa aibu, kwa sababu mgeni amesalimu nyumbani kwao naye anakoroga. Na mimi nilikuwa nimeshikilia ndoo isipinduke, mikono yote miwili. Rangi ilikuwa bado haijawa ya maziwa.

"Koroga," nikamwambia.

Melania alipiga makofi mara ya pili. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Mwakeye."

Salamu ile ilining'inia uani. Sijui kama watu wa mahali pengine wanalijua jambo hili, salamu iliyotolewa ikakosa wa kuipokea, jinsi inavyokaa hewani ikamwaibisha kila aliyepo. Nilimwona Melania ananyoosha mgongo. Nilimwona anashika upande wa kanga yake aondoke. Nikafungua mdomo niitikie, mikono mitupu au isiyo mitupu, potelea mbali.

Pa.

Ilikuwa ubao wa kitanda.

Pa, pa. "Mwakeye," ikatoka sauti ya mama dirishani, nzito, yenye hasira, kama mtu anayelazimishwa kunywa dawa. "Nyumba hii imejaa watu na hakuna hata mmoja anayejua kuitikia. Nimewalea mimi hawa? Mwakeye, Melania. Umeamkaje?"

Melania alibaki ameshika kanga yake. Kisha akaiachia, akainama chini ya dirisha, akapiga makofi. Ameamka vizuri. Pa, pa. Na wageni wake wameamkaje? Makofi. Na wale watoto? Makofi. Na mihogo? Wakaendelea hivyo, mmoja ndani mmoja nje, hawaonani, mama akiuliza yote aliyoyakalia siku zote zile, na kaka yangu akikoroga kwa makofi yao, mpaka rangi ikawa maziwa matupu.

"Sasa," akasema. Tukamimina.

Lilipanda. Hakuna aliyelisifia. Lilifika nusu, likapita, likajaa mpaka ukingoni mwa sanduku, likatulia. Nilingoja ile fyuu. Mwinshehe naye alingoja. Haikuja.

Ndipo akautupa mwiko, akaenda dirishani, akasimama nyuma ya Melania.

"Mama," alisema. "Siku ile niliweka mwiko chini. Shadia alisema kweli. Halikuwa jicho la mtu."

"Najua," akasema mama.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Nilikuona kupitia dirisha hili. Nilidhani utasema mwenyewe. Na jicho pia niliogopa. Mtu anaweza kuogopa vitu viwili."

Nilikaa chini pale pale uani. Mama alijua. Siku zote zile nimemvuta kwa shuka, kidonda kinachimba, yeye amegeukia ukuta akimngojea mwanawe wa kiume awe mkweli. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kucheka, na sikuwa na nguvu ya lolote kati ya hayo.

Tuliliacha godoro upepo ulipige mpaka harufu ikaisha, Mwinshehe akalikata pembe. Hapo, niseme haki yake, kwa msumeno kaka yangu hana mpinzani. Nikalivika kitambaa. Melania alimshika mama mabegani, mimi miguuni, tukatoa lile la sufi, tukatandika jipya, tukamlaza. Mama alizama kidogo, kisha godoro likampokea. Alitoa pumzi ndefu, uso ukalegea, na mimi nikageuka nikajifanya natafuta pini.

Melania alikunja shuka la zamani. Hakulitazama godoro. Macho yake yalikuwa kwenye mlango, kwenye dari, kwenye vidole vyake, kila mahali isipokuwa pale, na mdomo ameufunga.

"Lile gunia la vipande bado lipo?" mama akaniuliza.

"Lipo."

"Mwinshehe alibebe alipeleke kwa wale watoto. Apite nalo barabarani, pale kwenye kahawa, watu wamwone." Kisha akageuza kichwa. "Melania. Mbona husemi kitu?"

"Niseme nini, mama?"

"Lile ulilosema siku ile."

Melania alinitazama, kisha akamtazama mama. Alikuwa na woga usoni, mwanamke yule mwenye mikono minene, na ule woga sisi ndio tuliompa. Alinyoosha kiganja akabonyeza godoro karibu na bega la mama. Likabonyea, likarudi.

"Ni zuri," alisema polepole.

"Keti basi," mama akamwambia, akipiga ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima. "Keti hapa uliangalie vizuri."